Meza ya Katikati ya Jiko, na Watakaokaa Juu Yake



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu mnaotuandikia, barua ya mwezi huu imetoka Tanga. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa bibi mmoja ambaye jina lake tumelihifadhi, na habari yake ni ya ujenzi. Yeye na mumewe wamo katika kumaliza nyumba yao; kuta zimesimama, bati limekwisha pigwa, na chumba cha jiko bado ni kifusi kitupu, hakijamwagwa zege. Chumba chenyewe kina urefu wa futi 16 na upana wa futi 13. Nami nasema Mwenyezi Mungu awabariki, maana nimepata kukaa katika nyumba ambayo futi hizo zilikuwa sebule na chumba cha kulala pamoja.

Mumewe, asema, ameona katika simu picha za majiko ya kisasa, na moyo wake umependa ile meza kubwa inayosimama peke yake katikati ya chumba, ambayo mafundi wetu siku hizi huiita kisiwa. Ataka ijengwe kwa matofali na zege, ifunikwe jiwe la kung'aa, jiko la gesi liwe katikati yake, na pande zake mbili ziwe na viti virefu sita, vitatu huku na vitatu huku. Nyumbani mwao wapo watu saba: wao wawili, watoto wanne ambaye mdogo wao ana miaka 4, na mama wa mume, bibi aliyepita miaka 70, mwenye maradhi ya magoti. Mwashi amesema zege litamwagwa mwisho wa mwezi. Swali lake ni hili: meza hiyo yafaa, na vipimo vyake viwe vipi?

Kisha chini kabisa ya barua, baada ya salamu za kuagana, ameongeza mstari mmoja kwamba mkwewe alionyeshwa picha ile, akaitazama, akairudisha simu akasema, "Mimi mtaniletea changu chumbani."

Barua ile ina mistari ishirini na kitu juu ya meza, na mmoja tu juu ya mama huyo. Nimeisoma mara tatu, na kila nisomapo naona ya kuwa barua yenyewe ni ule mmoja.

Kwanza niliondoe jambo moja njiani, kwa kuwa najua wapo watakaoniuliza. Je, kula juu ya meza ya kuinuliwa ni makosa? Sayyidna Anas bin Malik, katika hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) hakula juu ya meza, bali walikula juu ya sufra. Imamu Ghazali naye, katika Ihya, pale anapoeleza adabu za kula, ameitaja meza kuwa ni katika mambo yaliyozuka baadaye, na kwamba sufra ya chini yakaribia zaidi unyenyekevu; lakini hakuiharamisha, akasema kwamba meza si kitu ila kukiinua chakula ili kilike kwa wepesi. Basi hukumu ni nyepesi, na mwenye kutaka meza na ajenge meza. Ila tulishike lile neno la wepesi, maana ndilo litakalotupimia kila kitu katika ukurasa huu. Meza iliyoinuliwa ikamfanya mtu wa nyumbani asiweze kula haikuleta wepesi.

Sasa tuitazame meza yenyewe na asili yake. Sisi watu wa pwani jiko letu tulilitenga. Katika majumba ya mawe ya Lamu lilipandishwa juu kabisa ya nyumba, chini ya makuti, moshi ukaondoka na upepo. Na katika nyumba zetu za vyumba sita za Tanga na Dar es Salaam liliwekwa uani, nyuma, ambako wanawake walikaa chini kwa raha zao, huyu juu ya mbuzi anakuna nazi, huyu na ungo, huyu na kinu, na maneno yanakwenda. Lilikuwa na moshi, lakini halikuwa na upweke.

Huko Ulaya mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1926 bibi mmoja msanifu wa majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko kwa ajili ya nyumba mpya za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alihesabu hatua za mpishi, akaleta kila kitu karibu na mkono, mpaka jiko likawa na upana wa kiasi cha mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, na likatiwa katika nyumba kiasi cha 10,000. Lilikuwa kazi ya akili kubwa, na kabati zetu za ukutani za leo zote ni wajukuu wa jiko lile. Lakini lilikuwa jiko la mtu mmoja. Wengine hawakuwa na pa kusimama, sembuse pa kukaa, na wanawake waliokuja baadaye walilalamika kwamba wamefungiwa. Basi kuta zikaanza kubomolewa, jiko likafunguliwa, na ile meza ikawekwa katikati ili mpishi aitazame jamaa yake badala ya kuutazama ukuta. Kwa hiyo, bibi yangu, meza anayoitaka mumeo asili yake ni jambo jema: ni kurudisha watu kwa mpishi. Mwenye kuijenga kwa namna itakayomtoa mtu mmoja jikoni na kumpeleka chumbani ameipindua.

Nije kwenye vipimo. Mimi si fundi, nimesoma chuoni na shule ya msingi tu, lakini nina shibiri na dhiraa na utepe wa kupimia, na nimejifunza mengine kwa kukosea, kama nitakavyoeleza.

Meza ya kusimama kupikia huwa na kimo cha inchi 36, yaani sentimita 91. Kiti cha kukalia mbele yake hakina budi kiwe na kimo cha inchi 24 hadi 26. Wengine huipandisha meza hadi inchi 42, na hapo kiti kitakuwa cha inchi 30, ambacho mtu mzima hukipanda kama anayepanda punda. Meza ya kawaida ya kulia ni inchi 30, na kiti chake ni inchi 18. Mtaona kwamba katika zote tatu baina ya kiti na uso wa meza yapo kama inchi 10 hadi 12, na hiyo ndiyo nafasi ya mapaja. Ukinunua stuli dukani kwa sura yake pasina kupima, utakaa umebanwa au kidevu chako kitafika kwenye sahani.

Kila mtu apewe inchi 24 za upana, yaani futi 2, ili kiwiko chake kisimpige jirani. Kisha kuna magoti, na hapa ndipo watu wengi wanapoangamia. Mtu aliyekaa magoti yake hutangulia mbele, nayo yataka nafasi chini ya meza: inchi 15 kwa meza ya inchi 36, inchi 12 kwa ile ndefu ya 42, na inchi 18 kwa meza ya kawaida. Kwa hiyo uso wa meza hauna budi utokeze nje ya tofali kwa kiasi hicho. Ikiwa uso wenyewe ni jiwe, ukitokeza zaidi ya inchi 10 au 12 utiwe vishikizo vya chuma chini yake, vilivyofungwa imara, kwani jiwe huvunjika bila ya kuonya, na chini yake ndipo yalipo magoti ya watoto.

Nyuma ya mtu aliyekaa pia ni mahali. Toka ukingo wa meza mpaka ukuta wa nyuma, inchi 36 zamruhusu mtu kupita ubavu ubavu, na inchi 44 zamruhusu kupita na sinia mkononi. Na baina ya meza ya katikati na meza ya ukutani, anapofanya kazi mpishi, inchi 42 zatosha mpishi mmoja na inchi 48 wapishi wawili. Katika nyumba zetu sijapata kuona siku ya shughuli yenye mpishi mmoja.

Tukitia hesabu hiyo katika chumba cha bibi wa Tanga, twapata haya. Upana ni futi 13. Meza ya ukutani yachukua futi 2. Kisiwa cha mumewe, chenye jiko katikati na viti pande mbili, chataka futi 2 za kazi na inchi 15 za magoti kila upande, jumla futi 4 na nusu. Zimebaki futi 6 na nusu, ambazo ukizigawa sawa ni inchi 39 kila upande. Kwanza hizo ni pungufu ya zile 42. Pili, upande wa mpishi nao una viti vitatu, na mtu akikaa pale mwili wake na kiti chake vyachukua futi moja na nusu na zaidi. Mpishi amebakiwa na kichochoro, naye atapita humo na sufuria ya wali iliyotoka motoni, migongo ya watoto ikiwa huku, na mlango wa friji ukifunguka huku. Na mbele ya watu hao sita, baina yao, futi 2 tu, unawaka moto wa gesi.

Mtu aweza kusema: basi viti vyote sita na viwe upande mmoja. Viti sita ni futi 12. Chumba kina 16. Zitabaki futi 2 kila mwisho, na mwenye sinia hapiti, wala mwenye mimba, wala mwenye mkongojo.

Sasa nitasema kosa langu. Mwaka 1998, nilipokuwa kijana na nyumba yangu mpya, nilijijengea jikoni kitu cha namna hii kabla hata hakijawa na jina kwetu. Niliiona nyumba ya mtu mwenye uwezo, nikairudisha picha yake kichwani. Nikajenga kwa tofali na zege na nondo, kimo cha inchi 40, uso ukawa sawa sawa na ukuta wake, hautokezi hata inchi moja. Magoti hayakuwa na pa kwenda. Ukikaa, wakaa ubavu kama mtu aliyepanda baiskeli ya mwenziwe. Fundi aliniuliza, "Mwalimu, watakaa vipi?" nikamjibu kwamba watajizoeza. Mke wangu alijizoeza kwa kuweka juu yake debe la mchele na ndoo za maji.

Lakini hilo silo linaloniuma. Mama yangu, Mungu amrehemu, tulikuwa tukikaa naye. Kabla ya hapo tulikula sote juu ya jamvi ukumbini, na yeye ndiye aliyekuwa akigawa kitoweo. Ilipokuja meza yangu, watoto wakapenda kula jikoni wamesimama au wamejibanza juu ya stuli, mimi nikala nao kwa fahari ya kitu changu, na mama akawa amekaa pembeni juu ya kigoda, sahani juu ya mapaja yake, uso wake ukiwa usawa wa visigino vyetu. Baadaye akasema mgongo wamuuma, apelekewe chakula chumbani. Nami nilimpelekea. Ilinichukua karibu mwaka mzima kufahamu ya kuwa mgongo haukuwa ukimuuma. Niliibomoa meza kwa nyundo, kazi ya siku mbili na nusu kwa sababu ya zile nondo, tukarudi jamvini; na yeye alifariki mwaka 2004, kwa hivyo ule mwaka mmoja ninaujua hesabu yake.

Kwa ajili hiyo, bibi yangu, neno la mkweo usilichukulie kuwa ni ukaidi wa wazee. Yeye amepima kwa jicho. Kiti cha inchi 25 au 30, kisicho na mgongo wala mikono, juu ya marumaru inayoteleza, kwa mwenye magoti mabovu ni ngazi isiyo na kishikio. Amejua kabla yenu kwamba hapo hakuna kiti chake.

Haya ndiyo niwezayo kukushauri, nawe mwonyeshe mumeo kwa upole, wala usimwambie kwamba mwalimu amekataa kisiwa, kwani sikukikataa.

Jiko la gesi na sinki viwekwe kwenye meza ya ukutani, katika ile nusu iliyo karibu na mlango wa uani. Kisiwa kiwe na upana wa futi 3 tu na urefu wa futi 9, lakini kiwe cha vimo viwili. Futi 4 na nusu za kwanza, zinazoelekeana na jiko, zijengwe kwa tofali, kimo cha inchi 36, ziwe mahali pa kukatia na kupakulia, pasiwe na kiti hata kimoja. Futi 4 na nusu za pili zishuke ziwe meza ya mbao, ya mninga au mvule, yenye kimo cha inchi 30, iliyoshikana na tofali upande mmoja na kusimama kwa miguu yake upande wa pili, chini yake pawe wazi. Hapo viti vya kawaida vya inchi 18: viwili huku, viwili huku, na kimoja mwishoni.

Hesabu yake ni hii. Futi 13, toa 2 za ukutani, toa 3 za kisiwa, zabaki 8. Weka 4 kila upande, yaani inchi 48, na wapishi wawili wapishana na mwenye sinia apita nyuma ya waliokaa. Urefu futi 16, toa 9, zabaki 7. Weka 3 upande wa mlango wa uani na 4 upande wa mwisho wa meza.

Na kile kiti cha mwisho, chenye futi 4 nyuma yake, ndicho cha mkweo. Kiwe kiti chenye mgongo na mikono miwili, kwani mwenye maradhi ya magoti husimama kwa mikono yake kabla ya miguu. Pale hatabanwa na mtu, hatamwomba mtu ampishe, na atawatazama wote. Kwetu sisi mwenye kukaa pale huwa ndiye mkubwa wa meza, na hilo nalo atalifahamu bila ya kuambiwa.

Meza hiyo ya chini ina faida nyingine ambayo picha za simuni hazionyeshi. Kusukuma chapati na kukanda unga juu ya meza ya inchi 36 huchosha mabega, kwa sababu kazi ya kukandamiza yataka meza iwe chini zaidi kuliko ya kukatia. Kipimo chake ni chepesi: mpishi asimame, akunje kiwiko, na uso wa meza ya kukatia uwe chini ya kiwiko chake kwa inchi 4 hivi; ya kukandia ishuke tena. Ukiwa wewe ni mfupi, usione haya kumwambia fundi ajenge ile ya tofali kwa inchi 34, kwani inchi 36 si sheria, ni desturi tu, na mgongo ni wako. Na mkweo aweza kukaa kitini akachagua mchele, akachambua mchicha, akamenya vitunguu, hali miguu yake imepumzika. Mzee anayeletewa chakula chumbani ni mgonjwa. Mzee anayechagua mchele mezani ni mwenye nyumba.

Viti vitano kwa watu saba, utaniuliza? Ndiyo. Meza ya jikoni haikusudiwi kuwa sinia la nyumba nzima. Asubuhi watoto wakinywa chai kabla ya shule, na usiku chakula kikiwa chepesi, vitano vyatosha, maana ni nadra nyinyi saba kukaa kwa dakika moja. Siku ya Ijumaa na siku za wageni tandikeni mkeka ukumbini kama kawaida, na bibi mwekeeni kiti chake na meza ndogo ubavuni pa mkeka, karibu, asiwe nyuma ya mtu. Fedha mtakazookoa kwa kutonunua stuli sita zatosha mkeka mzuri na zitabaki.

Nimesema jiko la gesi lisiwe kisiwani, na sababu zake si za magoti peke yake. Jiko la ukutani lina ukuta nyuma yake, na mkono wa mtoto waweza kulifikia kutoka upande mmoja tu. Jiko la katikati lafikiwa pande zote nne, na mkono wa sufuria uliogeuziwa mbali na mpishi umegeuziwa kwa mtoto. Mafuta ya kukaangia samaki huruka, na palipo na kiti mkabala huruka usoni. Mwenye kulitaka kwa vyovyote asiweke kiti mbele yake, na uso wa meza uendelee nyuma ya jiko kwa inchi 9 kwa uchache. Moshi wake pia wataka bomba la kupanda darini, ambalo kwa jiko la ukutani hupita ukutani kwa fedha ndogo.

Mtungi wa gesi usifungiwe ndani ya kabati la kisiwa lisilo na tundu. Gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, hukaa chini ikijikusanya kama maji, ikingoja cheche. Mtungi uwe nje uani chini ya kivuli, bomba lipite ukutani, na pale ulipo pawe na hewa chini na juu. Na jiko la makaa lisiingizwe ndani kabisa, hata kama ni la kukaushia wali tu, kwani hewa yake ya sumu haina harufu. Lijengewe kibanda uani, na mbuzi na kinu vikae huko huko, maana hakuna kisiwa duniani kinachofaa kukunia nazi.

La umeme ni dogo lakini lataka kusemwa kabla ya zege. Mkitaka soketi kisiwani, waya wake hauna budi upite katika bomba chini ya sakafu, na bomba litiwe sasa. Wala soketi isiwe ubavuni chini ya uso wa meza. Huko Marekani kanuni zao za umeme za mwaka 2023 zimeikataza soketi ya namna hiyo, kwa sababu watoto walikuwa wakivuta waya unaoning'inia wakajimwagia mafuta ya moto. Kadhalika mkibadili nia mkataka sinki hapo katikati, bomba la maji machafu litiwe kabla ya zege, kwa mteremko wa robo inchi kila futi moja. Ukiliacha likawa bapa, uchafu utakaa njiani na mtabomoa marumaru mpya.

Limebaki jambo la stara, ambalo hukulitaja, lakini mchoro wako umelitaja. Umeonyesha kwamba kati ya jiko na sebule hapana ukuta. Katika picha zile waliojenga hivyo mgeni wao huingia mpaka kisiwani akakaa akatazama mpishi anavyokaanga. Kwetu mwanamke jikoni huwa na kanga moja na jasho lake, na mgeni mwanamume huja bila ya taarifa wakati huo huo. Sisemi mjifungie kama wale wa Frankfurt. Jengeni ukuta nusu wa futi 5 upande wa sebule, au wekeni mlango mpana wa kukunja ambao siku zote uko wazi na akibisha mtu wafungwa kwa mkono mmoja. Na kiti cha mkweo kiwe upande unaouona mlango wa mbele, kwani yeye ndiye atakayewaambia nani amekuja. Upepo utapita juu ya ukuta nusu, nanyi mtapika kwa raha.

Na kabla ya kumwaga hilo zege, fanya jambo moja ambalo halina gharama. Chukua chokaa, mchore kisiwa chote chini katika kile kifusi, kwa vipimo nilivyokupa, na vile vya mumeo pia pembeni yake kama atakubali. Pangeni makreti ya soda na mbao mpaka mpate kimo. Leteni viti vya nyumbani. Kisha wewe beba sinia tupu uzunguke, watoto wakae, na mmoja wao ajaribu kufungua mlango wa friji kwa kufungua ubao mikononi. Fanyeni hivyo siku mbili tatu kwa saa za chakula. Chokaa hufutwa kwa mguu. Zege, kama nilivyosema, ni siku mbili na nusu kwa nyundo.

Siku ya kwanza mpeleke mkweo, umshike mkono, umwambie tu kwamba mwataka ajaribu kiti. Usimweleze vipimo. Akikaa, ngoja uone kama ataomba ungo. Kisha niandikie, hata mistari miwili, uniambie alisema nini.

Swali la msomaji wa Pemba juu ya kisima kilicho karibu na choo nimelipokea, nalo litajibiwa katika toleo lijalo, inshallah.